Pabu za mashamba ya Uingereza: sahani ni ya nani, nyumba ni ya nani?

Mwaka 1842 bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya migodi. Wengi wanaikumbuka juu ya jambo moja: ilikataza wanawake wote, pamoja na watoto wanaume wa chini ya miaka 10, kushuka kufanya kazi chini ya udongo. Lakini ndani ya sheria ile kulikuwa pia kifungu kimoja ambacho sisi wa sendika tunakipenda sana. Patroni alikatazwa kumlipa mchimba makaa mushahara wake ndani ya nyumba ya pombe. Juu ya nini? Kwa sababu yule aliyegawa feza mara nyingi alikuwa na faida yake katika nyumba ile. Watu walingojeshwa pale siku ya malipo, wakakunywa kwa deni, na mushahara ulipofika mezani, sehemu yake ilikuwa imekwisha kurudi kule ilikotoka. Mwaka 1883 katazo lile likapanuliwa kwa wafanyakazi wengine.

Tunaanza na habari hii kwa makusudi. Siku hizi, katika magazeti na televisheni za Ulaya, pabu za vijijini Uingereza zinaonyeshwa sawa paradiso: nyumba ya mawe, moto wa kuni, mbwa amelala chini ya meza, na chakula "cha hapa hapa" na "cha msimu". Ni kweli, chakula kile kinaweza kuwa kizuri sana. Lakini mutu wa sendika akiingia katika nyumba ya kula, macho yake hayaishii kwenye sahani. Anauliza: nyumba hii ni ya nani? Mboga hii imevunwa na nani? Yule kijana anayeosha vyungu kule nyuma analipwa ngapi?

Neno pabu ni kifupi cha maneno yenye maana ya nyumba ya watu wote. Si nganda yenye muziki wa kupasua masikio, na si restora ya watu wa kravati. Unaingia, unasimama mbele ya kaunta, unaomba mwenyewe, unalipa palepale. Bia yao ya asili inavutwa kwa mkono, kwa pampu ya mti, kutoka pipa lililowekwa katika chumba cha chini ya nyumba. Haina baridi kali, na mutu aliyezoea Simba ya kutoka friji atakunja uso kwanza. Kila mutu ananunulia wenzake kwa zamu. Ile desturi hatukuhitaji kufundishwa.

Vijiji vingi vimebaki na pabu tu. Duka limefungwa, posta imefungwa, basi inapita mara mbili kwa siku ao haipiti. Na pabu zenyewe zinakufa. Mwaka 2000 Uingereza ilikuwa na pabu kama 60,000. Sasa zimebaki karibu 45,000. Supamaketi zinauza bia kwa bei ya chini sana, watu wanakunywa nyumbani. Tangu tarehe 1 mwezi wa 7 mwaka 2007 ni marufuku kuvuta sigara ndani. Mashamba yaliyokuwa na vibarua kumi leo yana mashine moja na mutu mmoja. Katika vijiji vya makaa, migodi ilifungwa mmoja kwa mmoja kisha mgomo mkubwa wa 1984 na 1985. Mgodi wa mwisho wa makaa wa chini ya udongo, Kellingley katika Yorkshire, ulifungwa mwezi wa 12 mwaka 2015. Mgodi ukifa, kiu ya saa tisa inakufa pamoja nao.

Kilichookoa pabu nyingi ni jiko. Zamani mutu wa kijiji hakwenda pabu kula. Alipata labda mkate, kipande cha jibini na kitunguu cha siki. Hata ile sahani maarufu inayoitwa chakula cha mlimaji, yaani mkate, jibini na achari, ambayo wageni wanafikiri ni ya tangu mababu, jina lake lilienezwa na matangazo ya wauza jibini katika miaka ya 1950 na 1960. Walimaji wa kweli walikula mkate na jibini, ndiyo, lakini shambani, wamekaa kando ya ukingo, mvua ikiwanyeshea. Tunasema hivi ili msomaji ajue: neno "asili" kwenye ubao wa restora linastahili kuulizwa maswali, kule sawa hapa.

Sasa tuseme juu ya chakula chenyewe, maana kina utamu wake.

Wawili katika sisi walifika kule kwa mafunzo ya sendika, mwezi wa 5, na walilishwa asparaga mpaka wakachoka. Asparaga, wasomaji wa Kifaransa wanaijua kama asperge, ni chipukizi linalotoka udongoni sawa kidole cha kijani. Fasi yake maarufu ni bonde la Evesham, katika jimbo la Worcestershire. Msimu ni mfupi: kwa desturi unaanza tarehe 23 mwezi wa 4, siku ya mtakatifu Georges, na kumalizika tarehe 21 mwezi wa 6. Kisha pale mkulima anaacha chipukizi zikue ziwe majani, ili mzizi upate nguvu ya mwaka ujao. Ukimvunia mpaka mwisho, mwaka ujao hana kitu cha kukupa. (Wangapi kati ya wakubwa wa migodi wangejifunza kwa mmea huu!)

Katika kijiji cha Bretforton, mule bondeni, kuna pabu iitwayo Fleece Inn. Nyumba ni ya zamani sana, ya tangu karne za kati, ilikuwa ya mkulima, ikageuzwa pabu mwaka 1848. Ilibaki mikononi mwa ukoo mmoja mpaka mwaka 1977, wakati mama Lola Taplin alipofariki na kuiacha kwa National Trust, shirika linalotunza nyumba na ardhi za kihistoria. Mwisho wa mwezi wa 5 wanafanya pale mnada wa asparaga. Mafungu yanainuliwa juu, watu wanapandisha bei wakicheka, na feza inasaidia bendi ya kijiji.

Mwezi wa 1 mpaka wa 3, wakati udongo ni mgumu kwa baridi, ubao wa pabu za Yorkshire unaonyesha kitu ambacho sisi wachimbaji tunapaswa kukiheshimu: rubarbi. Ni shina jekundu, kali sawa ndimu, linapikwa na sukari, linafunikwa na unga wa siagi, linaokwa na kuliwa na mchuzi mtamu wa maziwa na mayai. Inatoka katika eneo kati ya Wakefield, Morley na Rothwell. Mizizi inaachwa nje miaka miwili bila kuvunwa, ipigwe na baridi, kisha inahamishiwa katika banda refu, lenye giza na joto. Mmea unadhani ni majira ya joto, unapanda haraka kutafuta mwanga ambao haupo. Wanavuna kwa mwanga wa mishumaa, kwa sababu mwanga mkali unaharibu ulaini wa shina. Na joto la mabanda yale lilitoka wapi? Kwa makaa ya mawe, ya bei nzuri, kutoka migodi ya karibu. Treni maalum zilipeleka rubarbi London usiku kwa usiku. Makaa yamekwisha, treni zimekwisha, rubarbi imebaki, na mwaka 2010 Ulaya iliipa ulinzi wa jina, sawa vile Wafaransa wanavyolinda champagne. Wachimba makaa hawakupata ulinzi wa namna ile.

Kisha mvua za mwaka kugeuka, zamu ni ya nyama ya porini. Pale sheria ndiyo inaandika kalenda. Kwale wa milimani: kuanzia tarehe 12 mwezi wa 8. Kwale wa mashambani: tarehe 1 mwezi wa 9. Faizani, ndege mwenye mkia mrefu na ukubwa wa jogoo: tarehe 1 mwezi wa 10 mpaka tarehe 1 mwezi wa 2. Pabu zinampika na tufaa, na kabichi, ao katika mkate wa nyama. Lakini faizani wengi si wa pori kweli. Wanafugwa kwa mamilioni, wanaachiliwa porini, na matajiri wanalipa feza nyingi kwa raha ya kuwapiga risasi. Nyama ni mabaki ya mchezo. Tena tukumbuke: sheria ya mwaka 1828 ilisema mutu aliyekamatwa akiwinda usiku katika ardhi ya bwana, mara ya tatu, anaweza kupelekwa ng'ambo ya bahari miaka saba, adhabu ya uhamisho. Ile sahani iliyo leo kwenye ubao na bei yake, jana ilimpeleka masikini Australia.

Kwetu hakuna mutu anayeandika "chakula cha msimu" juu ya uyoga ao vinkubala. Mvua ikinyesha, wamama wanasimama kando ya barabara na mabeseni, unanunua, unakwenda kula na bukari. Mvua ikikatika, hakuna. Waingereza walipoteza ujuzi ule, kwa sababu supamaketi inawauzia kila kitu miezi 12, asparaga kutoka Peru mwezi wa 11. Kwa hiyo wanalazimika kulipa zaidi ili kurudishiwa kile ambacho bibi zao walikula bila jina. Hatuwacheki. Tunawaambia tu vijana wetu wa mjini wanaoona haya kula vinkubala mbele ya wageni: angalieni bei ya rubarbi.

Turudi kwa swali la nyumba. Hapa ndipo penye mfupa.

Pabu nyingi si mali ya yule baba ao mama unayemwona nyuma ya kaunta. Nyumba ni ya kampuni. Yeye ni mpangaji. Kontra yake inasema: utalipa kodi ya nyumba, na bia utanunua kwetu tu, kwa bei yetu. Pipa lilelile jirani asiye na kontra analipata kwa bei ya chini. Yeye hawezi kuligusa. Analala na watoto juu ya pabu, katika vyumba vya kampuni, kwa hiyo akishindwa kazi, siku ileile anapoteza na paa. Wazee wetu walioishi katika kambi za mgodi, ambapo nyumba, unga na hospitali vyote vilitoka mkono mmoja, hawahitaji maelezo marefu. Mkono unaokulisha njo uleule unaokushika.

Mwaka 1989 serikali ya Uingereza iliona kwamba kampuni chache kubwa za bia zimeshika soko kupita kiasi, ikaziamuru ziachilie sehemu ya pabu zao. Waliziuza. Lakini nani alinunua? Kampuni mpya, zisizopika bia, za watu wa benki na mikopo, ambazo zilichukua nyumba na kuacha kamba ileile shingoni mwa mpangaji. Wapangaji walipigana miaka mingi, wakaandika, wakapiga kelele bungeni, na mwezi wa 11 mwaka 2014 wabunge wakaishinda serikali katika kura. Kutoka pale ikazaliwa kanuni ya pabu, inayofanya kazi tangu mwezi wa 7 mwaka 2016. Kwa kampuni yenye pabu 500 ao zaidi za namna ile, mpangaji ana haki, kwa nyakati fulani, kuomba alipe kodi ya soko tu, na bia anunue anakotaka.

Moja ya kampuni zile ni ya Heineken, jina ambalo Wakongo walilijua miaka mingi kupitia Bralima. Mwaka 2017 ilinunua pabu karibu 1,900 kwa mara moja. Mwezi wa 10 mwaka 2020, msimamizi wa kanuni ile alikipiga kitengo chake cha pabu faini ya pauni milioni 2, juu ya kulazimisha wapangaji waliotaka kujitoa kwenye kamba waendelee kuuza bia zake kwa kiasi kisicho cha haki. Haki ya kutoka ilikuwapo kwenye karatasi, lakini mlangoni kulikuwa na mapipa. Tunaandika hili ili madelege wetu wajue kwamba sheria nzuri peke yake haitembei. Lazima kuwe na mutu mwenye mamlaka ya kupiga faini, na faini iume.

Sasa msomaji ataelewa kwa nini tunasema jiko ni jambo la sendika. Mara nyingi kamba inafunga bia, haifungi chakula. Kwenye pipa mpangaji ni mtumwa wa fakitire. Kwenye sufuria ni mutu huru. Anaweza kununua kondoo kwa jirani, mayai kwa mama wa ng'ambo ya barabara, samaki kwa mvuvi aliyetua asubuhi. Faida ambayo bia inamnyima, anaitafuta katika mchuzi. Hata pabu maarufu zimeanza hivyo. The Sportsman, huko Seasalter kwenye pwani ya Kent, ni nyumba ya kampuni ya bia Shepherd Neame, na Stephen Harris aliyeichukua mwaka 1999 alianza kutengeneza chumvi yake mwenyewe kwa maji ya bahari na kupiga siagi yake. Leo watu wanatoka mbali kula pale.

Lakini kuna mtego. Kodi mara nyingi inapimwa kwa biashara ambayo nyumba inaweza kuingiza. Ukipika vizuri, watu wakijaa, siku ya kupima kodi tena mwenye nyumba anaona jasho lako kama thamani ya kuta zake. Wachimbaji wa mikono wanaelewa: ukipata mshipa mzuri wa madini, ghafla kila mutu ana karatasi ya ardhi ile.

Na wale wa chini zaidi? Asparaga haivunwi na mashine. Mutu anainama siku nzima na kisu. Waingereza wengi hawataki tena kazi ile. Zamani walikuja watu wa Ulaya ya mashariki. Kisha Uingereza kutoka Umoja wa Ulaya, wanakuja kwa viza ya msimu ya miezi sita, wengi kutoka Asia ya kati. Wengine wanafika na deni la safari mgongoni. Kwa hiyo "chakula cha hapa hapa" kinavunwa mara nyingi na mutu wa mbali sana, ambaye hataketi kamwe kwenye ile meza karibu na moto.

Usiku wa tarehe 5 mwezi wa 2 mwaka 2004, katika ghuba ya Morecambe, kaskazini, wafanyakazi Wachina walipelekwa kuokota kome kwenye mchanga. Maji ya bahari yalirudi kwa nguvu, gizani. Angalau 21 walikufa. Kome ni chakula cha pwani, cha msimu, cha asili, kila neno zuri unalotaka. Kisha msiba ule, mwaka huohuo, bunge lilipitisha sheria ya kuwapa leseni wale wanaokodisha vibarua mashambani na pwani. Sisi ambao tumezika wenzetu waliofunikwa na udongo tunajua mpangilio ule: kwanza maiti, kisha sheria.

Ndani ya pabu kwenyewe kuna hatua zimepigwa. Mushahara wa chini wa taifa upo tangu mwaka 1999. Na tangu tarehe 1 mwezi wa 10 mwaka 2024, ile feza ndogo ambayo mteja anaacha juu ya meza kwa kushukuru, patroni haruhusiwi kukata hata senti. Yote ni ya wafanyakazi. Masendika yalidai jambo hili miaka mingi.

Tusisahau kwamba vibarua wa mashamba yaleyale walianza kujipanga mbele ya pabu. Tarehe 7 mwezi wa 2 mwaka 1872, kijijini Wellesbourne, jimbo la Warwickshire, Joseph Arch aliitwa kusema na vibarua. Mkutano ulipangwa katika pabu iitwayo Stag's Head. Walifika wengi mno, nyumba haikutosha. Akapanda juu ya kiti cha kuchinjia nguruwe, chini ya mti, usiku, akasema nao. Mwaka uleule wakapata sendika yao ya taifa. Watu wale walilima ngano ya nchi nzima, na nyumbani nyama ilikuwa ndoto.

Mfano ambao tungependa usomwe mara mbili uko Hudswell, kijiji kidogo cha North Yorkshire. Pabu yao, George and Dragon, ilifungwa mwaka 2008. Hakukubaki fasi nyingine ya kukutana. Wanakijiji hawakungoja tajiri. Walianzisha ushirika, wakauza hisa kati yao na kwa marafiki, wakanunua nyumba, na mwaka 2010 ikafunguliwa tena. Waliweka humo maktaba ndogo na duka, na nyuma yake vishamba ambavyo watu wa kijiji wanalima mboga. Chama cha wapenzi wa bia ya asili, CAMRA, kikaichagua kuwa pabu bora ya taifa ya mwaka 2016.

Kabla yao, mwaka 2003, watu zaidi ya 100 wa Hesket Newmarket, katika milima ya Cumbria, walinunua kwa ushirika pabu yao, Old Crown. Kiwanda kidogo cha bia cha palepale kilikuwa tayari cha ushirika tangu 1999. Leo pabu za namna hii zimepita 150. Sheria ya mwaka 2011 inawasaidia kidogo: kijiji kinaweza kuandikisha pabu kama mali yenye faida kwa jamii, na mwenye nyumba akitaka kuiuza, watu wanaweza kuomba miezi sita ya kutafuta feza. Hailazimishi auze kwao. Inawapa muda tu, na kijiji ambacho hakijajipanga mapema, miezi sita inapita kama juma.

Mule Hesket Newmarket wenye hisa hawapiki wenyewe. Wanapangisha nyumba kwa mutu anayeijua kazi, yeye anaendesha jiko na kaunta. Tofauti ni kwamba wenye nyumba si sauti ya simu kutoka ofisi ya London. Jioni wanakuja, wanasimama kwenye foleni sawa wengine, wanaomba glasi na sahani ya siku ile, na mpangaji wao akiwa na neno juu ya kodi, anawaambia palepale usoni.